Waya Uliohama Nyumba Nne

Siku Kamusi alipogundua thamani ya rangi, alikuwa amesimama kando ya barabara kubwa anatafuta mtu wa kumsikiliza. Walimwita Kamusi kwa sababu hapakuwa na neno ulilolitaka usilipate kwake, la kweli na la uongo, na hayo ya uongo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Wako watu wanaoishi kwa mikono, wako wanaoishi kwa kichwa. Yeye aliishi kwa mdomo, na jamani, kazi ya mdomo haina likizo.

Basi akawaona wanaume wawili wenye kofia ngumu. Mmoja anasukuma kimashine chenye magurudumu kinacholia ti-ti-ti, mwenzake anafuata nyuma na kopo la rangi nyekundu, anapulizia mstari ardhini. Walikuwa wakitafuta nyaya zilizozikwa, ili wachimbaji wa mitaro watakaokuja wasije wakazipasua. Ni kazi ya kawaida kabisa. Lakini Kamusi hakuitazama mashine, aliwatazama watu. Muuza viatu alihamisha meza yake bila kuambiwa. Mama mmoja alikusanya gauni akauruka ule mstari kwa miguu yote miwili. Na mwenye duka la vipuri alitoka mbio na soda mbili baridi, moja kila mkono, akauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Wakubwa zangu, haupiti kwangu?"

"Haupiti," akasema mwenye rangi, akapokea soda.

Kamusi alisisimka mwili mzima. Lo! Kopo moja la rangi, na mtu mzima anakuletea soda hujamwomba! Na yeye miaka yote anahangaika na pete za dhahabu bandia na dawa ya mba inayoongeza mba, kumbe riziki imelala chini ya ardhi na wala haihitaji kuchimbwa.

Na riziki aliihitaji, tena kabla ya Jumamosi. Kamusi alikuwa na mchumba, msichana anayeuza miwani dukani karibu na stendi, mwenye macho makali yasiyohitaji miwani yoyote. Alimpenda. Nasema alimpenda kweli, maana hilo ndilo jambo pekee alilolisema mwaka ule ambalo halikuwa na kamba ndani yake. Msichana naye alimpenda, ila alikuwa na mama.

"Mama yangu hataki mkwe wa maneno," alikuwa amemwambia. "Jumamosi anakuja kuona unapoishi. Akipakuta palivyo sasa, mimi na wewe ndiyo basi tena."

Na palivyokuwa ni hivi: godoro sakafuni, ndoo iliyopinduliwa ndiyo kiti, na ukutani kalenda ya mwaka juzi. Hebu niambie, mama mkwe unamkalisha wapi hapo?

Jioni ile Kamusi alichukua mpini wa dekio, akaufungia mfuniko wa sufuria upande wa chini, na juu, penye kushikia, akabandika simu yake ya zamani na kuizungushia utepe mweusi. Ukibonyeza kitufe kwa kidole gumba, inalia. Akanunua makopo mawili ya rangi, jekundu na jeupe. Kizibao cha njano kinachomulika alikiazima kwa rafiki yake mwongoza magari, na kofia ngumu akaipata pale pale, bila kuiazima.

Jumanne asubuhi akaingia mtaa wa nyuma ya soko, mtaa wa vumbi ambao lami huwa inaahidiwa kila baada ya miaka mitano. Aliuchagua kwa sababu alimjua mtu wa nyumba ya kwanza. Huyo walimwita Mzee Vyumba, maana alikuwa na vyumba kumi na vinne vya kupangisha na bado anajenga. Asubuhi hiyo vibarua wake wawili walikuwa wameinua majembe kuanza msingi wa vyumba vingine.

"Simameni hapo hapo!" Kamusi akapiga kelele toka mbali. "Mtu asishushe jembe!"

Majembe yakabaki hewani. Kamusi akaja polepole, anapitisha mfuniko juu ya ardhi, na alipofika mbele ya miguu ya vibarua, kifaa kikalia. Akarudi nyuma, kikanyamaza. Akasogea, kikalia tena. Vibarua hawakusubiri maelezo. Walikimbilia ng'ambo ya barabara, majembe wakayaacha pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mpimaji wa njia za chini. Mshukuru Mungu nimefika saa hii, mzee wangu. Dakika moja zaidi, vijana wako wangekuwa moshi. Hapa chini unapita waya mkuu wa kwenda kiwandani. Unene wake, paja la mtu."

"Mbona miaka ishirini niko hapa sijauona?"

"Ungeuona, mzee, usingekuwa hapa leo tunazungumza."

Mzee Vyumba akainua mguu mmoja, akautazama udongo uliokuwa chini yake. Kamusi akatikisa kopo jekundu, akapuliza mstari ulionyooka toka barabarani hadi barazani. Kisha akatembea hatua tatu kulia, hatua tatu kushoto, akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba ndani ya hatua hizo hakijengwi kitu, na kilichojengwa huondolewa. Mzee alihesabu kwa macho. Vilikuwa vinaondoka vyumba vitatu, pamoja na choo.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "hauwezi kupinda kidogo?"

"Nini hicho?"

"Huo waya."

Naomba ieleweke vizuri, maana baadaye watu walisema mengi: wazo la kuupinda waya lilitoka kwa mzee mwenyewe. Kamusi alikuwa amejiandaa kwa hotuba ya robo saa, na hakupewa nafasi ya kuitoa.

"Mzee, waya ni mali ya umma. Haupindi kwa kumpendeza mtu." Akapangusa mfuniko kwa mkono wa shati. "Ila kifaa hiki, sikufichi, asubuhi husumbuliwa na umande. Kipimo cha asubuhi na cha mchana huwa havifanani."

Mzee akapeleka mkono mfukoni. Kamusi akaruka nyuma. "Usinivunjie heshima, mzee wangu! Mkono huu haujawahi kushika pesa ya mtu! Kazi yetu ni ya kiapo!"

"Nisamehe, baba, nisamehe."

"Nimekusamehe." Kamusi akashika kiuno, akaguna. "Ni mgongo tu unanisumbua. Kutwa mtu umeinama, na ukirudi nyumbani huna hata pa kuegemea."

Mzee Vyumba alimtazama kiuno, akageuka kutazama sebuleni kwake, kulikokuwa na sofa ya watu watatu ambayo bado ilikuwa na nailoni yake ya dukani. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

Mchana umande ulikuwa umekauka. Kamusi akapima upya, akafuta mstari kwa kiatu, akapuliza mwingine hatua sita kushoto. Kwa mzee akachora duara jeupe, maana yake hapa chini ni salama, chimba upendavyo.

"Lakini sasa umeingia kwa jirani yako wa bucha," akasema kwa masikitiko.

"Kila mtu na bahati yake," akajibu Mzee Vyumba. "Ila asijue kama tumezungumza."

Muuza nyama alikuwa mtu mnene wa maneno machache. Kifaa kilipolia mbele ya bucha lake, aliacha kisu juu ya gogo, akasikiliza habari za paja la mtu na hatua tatu, akauliza swali moja tu. "Unaumwa wapi?"

"Mgongo uko salama leo. Tatizo ni joto. Maji ya kunywa nyumbani kwangu unaweza kukorogea chai bila moto."

Friji ilifika kwa Kamusi alasiri kwa mkokoteni, imefunikwa turubai, kama ilivyofika sofa. Hapo waya ukahamia kwa mwenye saluni. Huyu dada alipiga kelele mpaka wateja wakatoka na mapovu vichwani, kisha akavuta pumzi akashauri kwamba waya huo, kwa akili yake, ungependa zaidi kupita kwa seremala, kwa sababu kwa seremala kuna misumari na waya hufuata chuma. Kamusi alikiri kwamba katika miaka yake yote ya upimaji hajasikia hoja ya kitaalamu iliyoshiba namna hiyo. Akapata kioo kirefu cha kujitazama toka unyayo mpaka utosi.

Jumanne hiyo hiyo jioni alimpitia mchumba wake dukani.

"Nimepata kazi," akasema. "Ya kiserikali-serikali. Napima nyaya zilizozikwa chini ya ardhi, mtaa wa nyuma ya soko."

Msichana aliweka chini miwani aliyokuwa anaifuta. "Wewe? Unapima nyaya?"

"Na vyombo nimeanza kununua. Jumamosi mama atakaa kwenye sofa."

"Mama atafurahi," akasema msichana, akamtazama kwa muda mrefu. "Yeye mwenyewe yuko na wakandarasi wa mitaro."

"Vizuri sana!" akasema Kamusi, na akilini akamwona mama mwenye mwiko na sufuria kubwa, anawapikia vibarua. Aliwaza kwamba mama wa namna hiyo atapenda friji.

Jumatano seremala naye akatoa kitanda cha mbao nzito, kilichokuwa cha mteja. Mteja aliambiwa mbao hazijakauka. Waya ukatoka kwa seremala, na kwa kuwa upande ule wa mtaa nyumba zilikuwa zimekwisha na zote zimelipiwa, Kamusi akaulaza katikati ya barabara. Ukitazama toka mbali uliona mstari mwekundu unaopita kando ya Mzee Vyumba, unakwepa bucha, unazunguka saluni, unarudi nyuma mbele ya seremala, mwisho unakimbilia barabarani. Kila mwenye nyumba alikuwa na duara lake jeupe mlangoni, na kila mmoja alimsalimia mwenzake kwa upole usio wa kawaida.

Mtu mwingine angetosheka. Chumba kilikuwa kimejaa, Jumamosi iko karibu, angekaa juu ya sofa akasubiri wakwe. Lakini Kamusi alitazama dirisha lake akaona halina pazia. Ng'ambo ya ule mtaa kulikuwa na fundi cherehani. Basi Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa pale tena, kizibao kinang'aa, kofia kichwani, mfuniko mkononi. Kifaa kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kulia mbele ya cherehani wakati lori lilipoingia.

Lilikuwa lori la kazi, lenye sururu, makoleo na mabomba ya bluu. Wakashuka wachimbaji kumi na wawili, na nyuma yao, kwa taratibu, akashuka nyapara wao. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya mpira hadi magotini, shati la kiume, kofia ngumu juu ya kitambaa cha kichwa. Aliangalia ardhi kwanza, watu baadaye.

Kamusi aligeuka aondoke zake. Hakufika mbali.

"Huyu hapa mhandisi wetu!" Mzee Vyumba akamdaka mkono. "Mtaa mzima ameshaupima!"

"Hana hata tamaa," akasema mwenye saluni, akamsukuma mbele. "Pesa hashiki!"

Muuza nyama alimwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa na uzito. Wote wanne walikuwa na furaha kweli, kwa sababu kila mmoja alijua nyumba yake imeepuka, na alitamani sana kuona itakavyokuwa kwa jirani.

Nyapara akamtazama Kamusi toka kofia hadi viatu. "Kumbe ndiye wewe, mhandisi. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo mama."

"Marahaba." Akaufuata ule mstari mwekundu toka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, bila haraka, kisha akarudi. "Huu waya wako una kona nyingi."

"Walioulaza zamani walikuwa wanakwepa miti, mama."

"Miti ipi?"

"Ilikatwa."

"Ahaa." Nyapara akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi umetusaidia sana. Tunaleta bomba la maji. Tunaanzia hapa kwa mzee, kwenye duara lako jeupe. Wewe! Mletee mhandisi sururu."

Kamusi akacheka. "Mimi, mama? Mimi ni wa kupima tu."

"Ndiyo maana. Kwetu sisi watu wa mitaroni kuna desturi, na mpimaji yeyote anaijua. Aliyesema hapa ni salama ndiye anayepiga sururu ya kwanza. Akipiga akabaki amesimama, sisi tunafuata."

"Na asipobaki?"

"Tunatafuta mpimaji mwingine."

Wachimbaji waliitikia kwa vichwa, kumi na wawili kwa pamoja. Sururu ikawekwa mikononi mwa Kamusi. Ilikuwa nzito kuliko chochote alichowahi kukishika kwa ajili ya kazi.

"Tulikuwa na mpimaji mmoja," nyapara akaendelea kwa sauti ya mtu anayemkumbuka ndugu, "kijana mzuri, ana maneno matamu kama wewe. Mstari akauchora kule, waya wenyewe uko huku. Akapiga."

"Ikawaje?"

"Viatu tulivipata."

Nyapara akakunjua karatasi kuukuu iliyochanika kwenye mikunjo, akaitazama, akatazama ardhi, akaitazama tena karatasi, akaguna. Kisha akaikunja.

"Mama," Kamusi akanong'ona, "mtaa huu una waya? Waya kweli kweli?"

"Si umeupima wewe?"

Angejibu nini? Waya ule alikuwa ameuzaa mwenyewe Jumanne asubuhi, kwa mdomo wake, kabla hata ya chai. Alijua ni uongo. Lakini alijua pia kwamba hajui chochote kilichoko chini ya ardhi ile. Mtu akisema uongo juu ya kitu asichokijua, anaweza kwa bahati mbaya akawa amesema kweli. Kukiri, mbele ya yule muuza nyama? Angevunjwa. Kukimbia? Bega bado lilikuwa chini ya ule mkono.

"Tunakungoja, mhandisi," akasema nyapara.

Kamusi akasimama katikati ya duara jeupe, akainua sururu. Watu wakasogea nyuma.

"Khm," nyapara akakohoa.

Sururu ikabaki hewani. "Kuna nini?"

"Vumbi tu, mwanangu. Endelea."

Akainua tena. "Khm-khm."

Kamusi akaishusha, akamsogelea, akamvuta pembeni kidogo. "Mama, nakuomba. Wewe unajua unapopita."

"Kujua najua. Ningekosaje kujua, miaka ishirini na sita niko mitaroni?"

"Basi niambie. Nitakupa..."

"Mkono huu haujawahi kushika pesa ya mtu," akasema nyapara. Kamusi alihisi ameyasikia mahali maneno yale, lakini hofu haikumpa nafasi ya kukumbuka. "Ila miguu, mwanangu. Kutwa nimesimama. Nikirudi nyumbani nakaa kwenye kigoda."

"Nina sofa," Kamusi akasema upesi. "Ya watu watatu. Ina nailoni yake."

"Ya watu watatu! Basi, sogea kulia hatua moja."

Akasogea. Akainua. "Khm."

"Nini tena?"

"Joto hili, baba. Koo limenikauka."

"Friji ipo!"

"Sogea mbele kidogo. Kidogo tu. Hapo."

Mtaa mzima ulikuwa ukitazama, ukistaajabia utaalamu. Mzee Vyumba aliwaeleza waliochelewa kwamba wataalamu hao wawili wanalinganisha vipimo. Kikohozi cha tatu kilipotoka, Kamusi alikuwa amefumba macho, akasema "kioo" bila hata kuulizwa. Cha nne kilimkuta sururu bado iko juu.

"Kitanda," akasema. Sauti ilikuwa ya kulia. Alikumbuka Jumamosi, akamwona mama mkwe mlangoni, akamwona msichana wake anageuza uso. Lakini maiti haioi, na hilo lilimaliza mjadala. "Mbao nzito. Chukua, mama. Chukua vyote."

"Ufunguo?"

Akautoa mfukoni akampa. Nyapara akamrushia dereva wa lori. "Nenda kachukue. Njia utaonyeshwa, yupo anayekijua hicho chumba." Kisha akajikalia kivulini, akanywa chai taratibu karibu saa nzima, ndipo akamgeukia Kamusi na kumwambia kwa upole, "Piga, mwanangu."

Kamusi aliwataja baba na mama yake, wote wawili, akaomba msamaha kwa watu kama tisa hivi, akashusha sururu.

Ikaingia kwenye udongo. Udongo ukatoka. Akafumbua jicho moja, akaviona viatu vyake vyote viwili na yeye mwenyewe yumo ndani. Watu wakapiga makofi, mwenye saluni akapiga vigelegele, na Kamusi akahema kwa nguvu. Alikuwa na furaha ya kuwa hai ambayo hajawahi kuionja.

"Asante, mama," akasema. "Sasa niambie, ulikuwa unapita wapi?"

"Nini?"

"Waya."

"Waya gani?" Nyapara akashangaa, tena kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Chini ya mtaa huu hakujawahi kulazwa kitu. Hakuna waya, hakuna bomba, hakuna hata mfupa wa mbwa. Ndiyo maana bomba lao la kwanza tunaleta leo."

"Na ile karatasi?"

"Risiti ya viatu hivi vya mpira. Nataka kuvirudisha, vinabana."

Kamusi, aliyekwisha kuuza waya usiokuwepo kwa nyumba nne, alikuwa amejiuzia mwenyewe waya ule ule kwa bei ya zote nne. Pwagu kapata pwaguzi. Muuza nyama alianza kuelewa, ukamwona anavyoelewa shingoni, na mkono wake ukaanza kukunja ngumi. Lakini hapo hapo lori likarudi.

Lilikuwa na friji, kitanda na kioo, na mbele ya vyote, kwenye nailoni yake, sofa. Juu ya sofa alikaa msichana aliyevaa miwani ya jua, miguu ameikunja, mkono mmoja umeshika kioo kisianguke.

"Mama!" akaita. "Vyote vimeingia, havijakwaruzika!"

Kamusi akamtazama msichana. Akamtazama nyapara. Akamtazama tena msichana.

"Uliambiwa niko na wakandarasi," akasema nyapara. "Ulidhani nafanya nini, napika? Binti yangu ananiambia mchumba wake anapima nyaya mtaa wa nyuma ya soko. Nikajiuliza, mtaa ule una kipi cha kupima? Nikasema nisingoje Jumamosi."

Halafu akapanda kwenye gurudumu la lori, akauliza kwa sauti kubwa. "Ndugu zangu! Kabla lori halijaondoka. Vitu hivi nimepewa na huyu mhandisi. Kama yupo aliyempa, ajitokeze aseme alimpa kwa ajili gani, achukue chake. Hii sofa ya nani?"

Mzee Vyumba alifungua mdomo. Akamwona muuza nyama anamwangalia. Kusema sofa ni yake ni kusema aliitoa ili waya upite kwenye bucha. Akafunga mdomo, akaanza kuchunguza ukuta wake.

"Friji?"

Muuza nyama akamwona mwenye saluni anamkodolea macho. Ngumi ikafunguka polepole, akaifutia kwenye aproni.

"Kioo?"

Mwenye saluni alikuwa akimtazama seremala, na seremala akimtazama mteja wake wa kitanda, ambaye kwa balaa alikuwa anapita njia.

"Kitanda cha nani? Mbao zimekauka vizuri."

Hakuna aliyekohoa hata kidogo.

"Basi nimepokea," akasema nyapara, akashuka, akawaashiria watu wake waingie kazini.

Kamusi alikwenda hadi ubavuni mwa lori, sururu bado mkononi, kofia imemwegemea sikioni. Alitaka kusema jambo zuri na halikuja. "Chumbani kimebaki nini?" ndicho alichouliza.

"Godoro," akasema msichana.

"Umekasirika?"

"Nilikasirika Jumanne." Alivua miwani, akamtazama kwa yale macho yake makali. "Leo nimecheka mpaka nikashika kioo kwa mikono miwili."

"Na mama? Anasemaje?"

"Amekagua. Vyombo amevikubali."

"Na mimi je?"

Msichana aliinama juu ya sofa, akachungulia lile shimo ambalo Kamusi alikuwa amelichimba, lenye kina cha kikombe.

"Wewe mama anasema bado," akasema. "Anataka mtaro ufike kiunoni, kutoka hapa mpaka kwa seremala. Ukifika, ndipo ataanza kuuliza wewe ni mtoto wa nani."

Lori likaondoka na sofa na aliyeikalia. Kamusi alilitazama mpaka likakata kona, akavua kizibao, akatemea mate viganjani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaanza kazi bila kusema neno.